Oksibeti ya sodiamu kwa fibromialgia: kama majaribio yalifaulu, ilikataliwa kwa nini?

Fiziotiba_Moro

Habari za kazi wakuu. Swali langu ni kwa wafamasia, madaktari na wale wanaosoma tafiti kwa undani.

Wagonjwa wa fibromialgia, yaani maumivu sugu ya misuli mwili mzima, karibu wote wana lalamiko moja: mtu analala saa saba au nane lakini anaamka hoi kama aliyekesha, na usingizi ukiwa mbovu usiku, kesho yake misuli inauma maradufu. Nikifuatilia maandiko nakutana na oksibeti ya sodiamu, dawa ya zamani ya usingizi ambayo ni chumvi ya GHB (kemikali inayolaza ubongo). Majaribio mawili makubwa yanaonyesha ilipunguza maumivu kuliko plasebo (dawa bandia ya kulinganishia), tena kwa tofauti ya kuonekana. Halafu FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaikataa mwaka 2010, na mwongozo wa EULAR, umoja wa Ulaya wa wataalamu wa magonjwa ya viungo, nao unasema isitumike kwa ugonjwa huu.

Kama ilifanya kazi, ilikataliwa kwa nini? Hoja kwamba ukirekebisha usingizi mzito maumivu nayo yanapungua, bado ina mashiko? Na mgonjwa aliyesoma mtandaoni akiuliza ataipata wapi, aambiwe nini, na apewe nini kwa dawa tulizonazo huku kwetu?

DawaNaDozi

Mkuu, nianze na dawa yenyewe, maana nusu ya jibu lako imo humo.

GHB inatengenezwa na ubongo wenyewe kwa kiasi kidogo sana kutokana na GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Aliyeileta kwenye tiba ni Mfaransa Henri Laborit, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitafuta kitu cha jamii ya GABA kinachoweza kupenya hadi kwenye ubongo. Ikatumika kama nusukaputi. Ikaja kuachwa na wengi kwa sababu inamlaza mgonjwa bila kuzuia maumivu: amelala fofofo lakini kisu kikipita mwili unashtuka, mapigo na presha vinapanda. Jambo hili lishikeni, kwa sababu maana yake ni kwamba dawa hii si ya kutuliza maumivu moja kwa moja. Kama inasaidia misuli, inasaidia kwa kupitia usingizi.

Mwaka 2002 FDA iliiidhinisha kwa jina la Xyrem kwa ajili ya katapleksi, ule ulegevu wa ghafla wa misuli unaowapata wagonjwa wa narkolepsi, yaani ugonjwa wa kusinzia mno mchana. Mwaka 2005 ikaongezewa usingizi wa mchana wa wagonjwa haohao. Inafanya kazi zaidi kwenye vipokezi vya GABA-B, na kinachoonekana kwenye kipimo cha mawimbi ya ubongo ni kuongezeka kwa usingizi mzito wa mawimbi ya polepole. Dawa nyingi za usingizi, hasa za kundi la diazepamu, zinafanya kinyume: mtu analala muda mrefu zaidi huku usingizi mzito ukipungua.

Sasa tazameni inavyotumika. Ni maji maji yasiyo na rangi, yenye ladha ya chumvi, miligramu 500 kwa kila mililita. Nusu yake inatoka mwilini ndani ya dakika 30 hadi 60 tu, kwa hiyo dozi moja haimfikishi mtu asubuhi. Mgonjwa wa narkolepsi anaanza na gramu 4.5 kwa usiku, zikigawanywa mara mbili: gramu 2.25 akiwa tayari yuko kitandani, na gramu 2.25 nyingine baada ya saa mbili na nusu hadi nne. Hapo anavuta kwa bomba la sindano mililita 4.5 kwa kila dozi, anachanganya na mililita kama 60 za maji kwenye vikombe viwili vidogo vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua, anaviandaa vyote kabla ya kulala, kisha anatega saa ya kumwamsha kwa kikombe cha pili. Anatakiwa awe na tumbo tupu, angalau saa mbili tangu ale, kwa sababu chakula chenye mafuta kinapunguza sana kiwango kinachoingia kwenye damu. Akishameza asishuke kitandani, maana usingizi unaweza kumkamata ndani ya dakika 5 hadi 15, mara nyingine ghafla bila dalili ya kusinzia.

Makosa yanatokea wapi? Kwanza kwenye kipimo. Kuteleza kwa mililita 1.5 kwenye bomba ni gramu 0.75 nzima, na dawa hii haipandi kwenye damu kwa mstari ulionyooka: ukitoka gramu 4.5 kwenda gramu 9 kwa usiku, umeongeza dozi mara 2 lakini kiwango mwilini kinapanda takribani mara 3.7. Pili, mtu anaamka usiku akiwa na mang'amung'amu, hakumbuki kama alishakunywa kikombe cha pili, anamimina kingine. Tatu ni pombe. Ukichanganya na pombe au dawa nyingine ya kulaza, pumzi inafifia hadi kukata. Nne, valproeti, dawa ya kifafa, inaongeza kiwango cha GHB kwa takribani asilimia 25, hivyo dozi hupunguzwa angalau kwa asilimia 20.

Halafu kuna chumvi. Gramu 6 za oksibeti zina takribani gramu 1.1 za sodiamu. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku kutoka vyakula vyote. Kwa mgonjwa wa presha au wa moyo huo ni mzigo mzito kabla hajagusa hata mboga. Ndiyo maana mwaka 2020 liliidhinishwa toleo lenye sodiamu pungufu kwa asilimia 92, ila ni kwa narkolepsi, si kwa fibromialgia.

Takwimu_Tiba

Nashukuru mfamasia ameanza vizuri. Mimi niende kwenye majaribio.

Wazo lilianzia Toronto mwaka 1975. Harvey Moldofsky na wenzake waliwapima usingizi wagonjwa wa ugonjwa huu, enzi hizo ukiitwa fibrositisi, wakakuta mawimbi ya alfa, ambayo ni ya mtu aliye macho akiwa ametulia, yamejipenyeza katikati ya mawimbi mapana ya usingizi mzito. Kisha wakachukua watu wenye afya njema, wakawa wanawatibua kwa sauti kila walipozama kwenye usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache watu wale nao wakaanza kuumwa misuli na kuhisi uchovu wa mwili mzima. Ni ugunduzi wa nguvu, lakini una mipaka yake: mawimbi hayo hayapatikani kwa kila mgonjwa, na yanapatikana pia kwa watu wasio na maumivu yoyote. Hayawezi kuwa kipimo cha ugonjwa.

Mwaka 2003 Scharf na wenzake wakajaribu oksibeti, gramu 6 kwa usiku, kwa wagonjwa 24, kila mmoja akipita kwenye dawa na kwenye plasebo kwa mwezi mmoja mmoja. Waliomaliza walikuwa 18. Alama nyingi za maumivu na uchovu zilishuka kwa asilimia 29 hadi 33 kwenye dawa, dhidi ya asilimia 6 hadi 10 kwenye plasebo. Mawimbi ya alfa yalipungua na usingizi mzito ukaongezeka. Ni jaribio dogo, ila lilifungua mlango. Mwaka 2009 Russell na wenzake wakachapisha la wiki 8 lenye wagonjwa 188, na matokeo yakaenda upande uleule.

Kisha ndiyo yakaja mawili uliyoyasoma, ya wiki 14 kila moja, yenye makundi matatu: gramu 4.5, gramu 6 na plasebo. La kwanza, la Russell, lilichapishwa 2011 likiwa na watu 548. Waliopata nafuu ya maumivu ya asilimia 30 au zaidi walikuwa asilimia 54.2 kwa gramu 4.5, asilimia 58.5 kwa gramu 6, na asilimia 35.2 kwa plasebo. La pili, la Spaeth, la 2012, lilikuwa na watu 573: asilimia 42.0, asilimia 51.4 na asilimia 26.8 kwa mpangilio huohuo.

Fanya hesabu mwenyewe. Kwenye jaribio la Spaeth, 51.4 toa 26.8 unabaki na 24.6. Gawanya 100 kwa 24.6 unapata 4 na ushee. Yaani unawatibu wagonjwa wanne au watano kwa gramu 6 ili mmoja zaidi apate nafuu ambayo asingeipata kwa plasebo. Kwa gramu 4.5 wanafika karibu saba. Kwa ugonjwa huu hayo ni matokeo mazuri, na anayesema dawa haikufanya kazi hajasoma majedwali.

Lakini angalieni mambo mawili kabla ya kuzichukua namba hizi zilivyo. La kwanza ni usiri wa jaribio. Dawa inayokuzimisha ndani ya dakika kumi, ikakupa kichefuchefu na kizunguzungu, haijifichi. Mgonjwa anajua kapewa nini, na maumivu tunayapima kwa kumuuliza yeye mwenyewe. Sehemu fulani ya ile tofauti inaweza kuwa imani ya mtu aliyejua kwamba yuko kwenye dawa. La pili ni muda. Wiki 14 ni miezi mitatu na kidogo, na fibromialgia mtu anaishi nayo miaka. Jaribio la muda huo linakuonyesha nafuu ya mwanzo na kichefuchefu, halikuonyeshi utegemezi wala mgonjwa wa mwaka wa tatu ambaye sasa ameongezewa dawa nyingine ya maumivu na daktari mwingine.

Tarehe 20 Agosti 2010 jopo la washauri wa FDA lilikaa likapiga kura 20 kwa 2 dhidi ya kuiidhinisha. Oktoba mwaka huo FDA ikaiandikia kampuni ya Jazz, yenye dawa hii, kwamba ombi haliwezi kupitishwa lilivyo, na kampuni ikaachana na mpango huo. Hoja iliyobeba uzito ilikuwa usalama. Narkolepsi ni ugonjwa wa watu wachache, na Xyrem ilikuwa inatolewa na duka moja tu la dawa kwa nchi nzima, kila mgonjwa akiwa kwenye rejista. Fibromialgia inakadiriwa kuwapata watu wazima wapatao 2 kwa kila 100. Ukiihamisha dawa ileile kwenye umma mkubwa kiasi hicho, unaipeleka kwa watu ambao wengi wao tayari wanatumia dawa za jamii ya mofini, dawa za wasiwasi na za usingizi, na wengine wana uzito mkubwa na wanakatika pumzi wakilala. Vilevile chupa nyingi zaidi zingekuwa majumbani, na GHB inajulikana kwa kutiwa kwenye vinywaji vya watu ili wadhulumiwe kingono. Marekani iliiweka kwenye kundi kali kabisa la udhibiti mwaka 2000, ikibakiza mwanya kwa dawa iliyoidhinishwa tu. Na wakati jopo linakaa, dawa tatu zilikuwa zimeshaidhinishwa kwa fibromialgia: pregabalini 2007, duloksetini 2008 na milnasiprani 2009. Hakukuwa na ulazima wa kubeba hatari ile.

Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa sahihi. Manufaa ya wastani kwa ugonjwa usioua hayawezi kulipia dawa ambayo umbali kati ya dozi ya tiba na dozi ya kusimamisha pumzi ni mfupi namna ile, hasa pombe ikiwemo. Kinachosikitisha ni kwamba baada ya kukataliwa, swali la usingizi lenyewe lilipoa kwa muda mrefu, na hilo halikustahili.

KlinikiYaViungo

Mkuu Fiziotiba, nichukue sehemu ya mgonjwa.

Anayeulizia pa kuipata ajibiwe wazi: asiitafute. Tangu 2013 GHB iko Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, ambako uingizaji wake unataka vibali vya serikali pande zote mbili. Kuagiza chupa mtandaoni ni kujitafutia kesi. Hatari kubwa zaidi ni kile kitakachokuja kweli. Mara nyingi wauzaji hao hutuma GBL au butanedioli, viyeyusho vya viwandani ambavyo mwili unavigeuza kuwa GHB. Hakuna lebo ya kuaminika, hakuna ujazo unaojulikana kwa mililita, na GBL inaingia kwenye damu haraka zaidi. Aliyezoea kutumia kila baada ya saa chache, akiacha ghafla anaweza kupata kutetemeka, kuweweseka na degedege, na huyo ni wa kulazwa hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya dawa yoyote, thibitisha ugonjwa. Kwa vigezo vilivyorekebishwa 2016, maumivu yawe yamedumu angalau miezi mitatu, yawe kwenye maeneo manne kati ya matano ya mwili, na alama za maeneo yanayouma ziwe 7 au zaidi kati ya 19 pamoja na ukali wa dalili 5 au zaidi kati ya 12. Au alama za maeneo 4 hadi 6 na ukali 9 au zaidi. Ukali wa dalili unahesabu uchovu, kuamka bila kupumzika na kusahausahau, pamoja na kichwa, tumbo na huzuni. Pima damu kamili, ESR au CRP (vipimo vya uvimbe mwilini), tezi ya shingo na CK (kipimo cha misuli kuharibika). Pitia dawa zake zote, kwa sababu statini za kolesteroli zinaumiza misuli na mara nyingi hakuna anayeuliza. Halafu muulize anayelala naye kama anakoroma na kukatika pumzi. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: mtu mwenye tatizo la pumzi usingizini ataamka hoi kila siku, na ukimpa dawa ya kumlaza zaidi unamwongezea ubaya.

Kwenye tiba, EULAR ilipopitia ushahidi (chapisho la 2017) ilitoa pendekezo moja tu la nguvu, nalo ni mazoezi. Hapo uwanja ni wako. Ninachokiona kikiharibu ni kuanza kwa kasi: mgonjwa anapata siku moja nzuri, anatembea dakika 40, kesho yake hainuki, anahitimisha kuwa mazoezi yanamdhuru. Anayemudu dakika 10 bila kuadhibiwa kesho yake aanze na 5, kila siku au siku moja moja akipishanisha, na aongeze dakika moja au mbili kwa wiki. Siku mbaya apunguze, asiache. Lengo ni kufika dakika 20 hadi 30 mara mbili tatu kwa wiki baada ya miezi, kisha kuongeza mazoezi mepesi ya nguvu.

Kwa dawa, huku kwetu ya kwanza ni amitriptilini, dawa ya zamani ya huzuni. Ni ya bei nafuu na inapatikana. EULAR inataja miligramu 10 hadi 50 usiku. Tatizo ni kwamba kidonge kinachopatikana kirahisi ni cha 25, na mgonjwa akianza nacho kizima analewa usingizi hadi saa nne asubuhi na anaacha baada ya siku tatu. Kigawanye, aanze na nusu, yaani 12.5, na akimeze muda wa saa mbili hivi kabla ya kulala, si akiwa ameshapanda kitandani. Ule uzito wa asubuhi unapungua. Apande hadi 25 baada ya wiki mbili kama anavumilia, na msihukumu kabla ya wiki nne hadi sita. Midomo kukauka na choo kugumu ni kawaida. Asipewe mwenye glakoma ya pembe finyu (aina ya presha ya jicho), mwenye tezi dume linalobana mkojo, wala mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo bila ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Duloksetini inamfaa zaidi mwenye huzuni: 30 kwa wiki moja halafu 60, anywe asubuhi pamoja na chakula. Pregabalini inaboresha usingizi. Anza na 75 usiku kabla ya kufika mara mbili kwa siku, upunguze dozi kwa mwenye figo dhaifu, na ukumbuke kuwa nayo ina watu wanaoitumia vibaya.

Fiziotiba_Moro

Nawashukuru sana wakuu. Nibakize mawili. Wagonjwa wengi wanakuja tayari wana tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, mkononi; wakiandikiwa amitriptilini juu yake kuna shida? Na siklobenzaprini, ambayo nayo ni ya zamani ya kulegeza misuli, nasikia imerudi kivingine. Ni hadithi ileile ya usingizi?

DawaNaDozi

Tramadoli na amitriptilini ni mchanganyiko wa kuogopa. Zote zinashusha kizingiti cha degedege, zote zinapandisha serotonini, kemikali ya ubongo. Jasho, mikono kutetemeka, misuli kukakamaa na kuhara kwa wakati mmoja si "dawa kumkataa", ni serotonini imezidi, apelekwe hospitali. Mrudishe kwa aliyeandika dawa waamue ipi ibaki. Aliyetumia tramadoli kila siku kwa wiki nyingi asiikate ghafla, ipunguzwe taratibu.

Siklobenzaprini, ndiyo, ni hoja ileile ya usingizi. Ipo tangu 1977 kwa ajili ya misuli iliyokaza, na kikemia imetofautiana na amitriptilini kwa kifungo kimoja tu, kwa hiyo usizipe pamoja. Mwaka 2011 Moldofsky yuleyule na wenzake walitoa jaribio la wagonjwa 36 waliopewa dozi ndogo sana wakati wa kulala, miligramu 1 hadi 4, wakaona usingizi na maumivu vikiboreka. Kutoka hapo kikatengenezwa kidonge cha kuyeyuka chini ya ulimi, Tonmya, ambacho FDA ilikiidhinisha kwa fibromialgia Agosti 2025: miligramu 2.8 wakati wa kulala kwa siku 14, kisha 5.6. Kwa dozi hiyo ya 5.6 majaribio makubwa yalikuwa matatu, mawili yakafaulu na moja halikufikia lengo lake, kwa hiyo nafuu ipo ila ni ya kiasi.

Sababu ya kupitia chini ya ulimi ni ini. Ukimeza kidonge cha kawaida, ini linageuza sehemu kubwa kuwa norisiklobenzaprini, ambayo nusu yake inachukua karibu saa 72 kutoka. Ukimeza kila siku inarundikana, na mgonjwa anashinda na usingizi mchana kutwa. Chini ya ulimi dawa inaingia kwenye damu moja kwa moja, inafanya kazi usiku na kupungua mchana, ingawa wengi wanalalamikia ganzi ya ulimi na mdomo. Kwa hiyo mtu asichukue kidonge cha kawaida cha miligramu 10 akakiweka chini ya ulimi akidhani ni kitu kimoja. Hakikutengenezwa kupenya pale, kitaishia kumezwa, na dozi itakuwa karibu mara mbili ya ile iliyojaribiwa.